Dawa za Kusafisha Utumbo Kabla ya Kolonoskopi: Ipi Inafaa, na Inywewe Saa Ngapi

Kolonoskopi ni kipimo ambacho daktari hupitisha mrija laini wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa ili autazame utumbo mpana wote, kuanzia mwisho wake hadi pale unapoungana na utumbo mwembamba. Manufaa yake yanategemea kazi inayofanyika kabla daktari hajaushika mrija huo, yaani kuuacha utumbo ukiwa mtupu na ukuta wake ukionekana wazi. Kinyama kidogo (polipu) kilichoota kwenye ukuta huo, kikifunikwa na mabaki ya kinyesi, hakionekani hata kwa kamera bora kuliko zote, na kinyama kisichoonekana hakiondolewi. Kwa sababu ya historia ya saratani ya utumbo katika ukoo wetu, nimekuwa nikifanyiwa kipimo hiki kwa vipindi vilivyopangwa na daktari, na kwa muda huo nimetumia aina kadhaa za dawa za kusafisha utumbo. Uamuzi wangu nautanguliza. Kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, ninaipendekeza dawa yenye PEG (kifupi cha polietileni glaikoli, kitu kinachoshikilia maji ndani ya utumbo) ya lita 2, nusu inywewe jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kati ya dawa bora kabisa iliyonywewa yote jioni na dawa ya kawaida iliyogawanywa sawasawa, ningeichukua hiyo ya pili bila kusita.

Sababu ya kugawanya inaeleweka ukifuatilia yanayotokea tumboni usiku. Mtu akimaliza dawa yote saa 2 usiku, na kipimo kikafanyika saa 4 asubuhi, katikati zimepita saa 14 ambazo viungo vya ndani havikulala. Ini limeendelea kutoa nyongo, kongosho limetoa majimaji yake, utumbo mwembamba nao umetoa ute, na mchanganyiko huo wa manjano unaingia katika utumbo mpana kwa upande wa kulia na kuganda ukutani kama utandu unaonata. Ni sawa na kuosha chombo jioni kisha kukiacha wazi chini ya bomba linalovuja. Upande huo wa kulia ndiko vinakopatikana kwa wingi vinyama bapa ambavyo rangi yake haitofautiani sana na ukuta wenyewe, na ambavyo mara nyingi hufunikwa na ute, kwa hiyo utandu mwembamba tu unatosha kuvificha. Nusu ya pili ya dawa, ikinywewa karibu na saa ya kipimo, huuosha utandu huo kabla haujapata nafasi ya kukauka.

Miongozo ya wataalamu imekubaliana juu ya jambo hili kwa miaka kadhaa sasa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaelekeza nusu ya pili ianzwe ndani ya muda wa saa 5 kabla ya kipimo na imalizike angalau saa 2 kabla. Jopo la pamoja la vyama vya Marekani linaloshughulikia saratani ya utumbo mpana, katika mwongozo wake wa mwaka 2025, linataja kuanza kati ya saa 4 na 6 kabla ya kipimo na kumaliza angalau saa 2 kabla. Mwenye miadi ya mchana anaweza hata kunywa dawa yote asubuhi ya siku hiyohiyo na kupata matokeo mazuri. Pamoja na makubaliano hayo, bado kuna vituo vinavyotoa maelekezo ya zamani. Kituo kimoja nilichowahi kuhudumiwa kilinipa karatasi iliyoagiza dawa yote inywewe jioni ya kuamkia kipimo, nami nilifuata kila mstari wake. Ripoti iliyotoka ilionyesha kwamba upande wa kushoto ulikuwa safi, wa katikati ulikuwa wa kuridhisha, na wa kulia ulipata alama 1 tu, kwa hiyo nikaagizwa kurudi mapema kuliko ilivyopangwa. Dawa ilikuwa nzuri, na niliimaliza yote. Kilichoharibu kazi ni ratiba.

Alama hizo zinastahili kuelezwa, kwa sababu ndizo kipimo cha haki cha dawa yoyote ya aina hii, na mgonjwa ana haki ya kuziuliza. Mizani inayotumika sana ilitengenezwa Boston na kuchapishwa mwaka 2009. Utumbo mpana hugawanywa sehemu tatu, yaani kulia, katikati na kushoto, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 baada ya daktari kuosha na kunyonya maji yaliyosalia. Alama 0 humaanisha kinyesi kigumu kisichoondoka na ukuta usioonekana, na alama 3 humaanisha ukuta unaoonekana wote bila mabaki. Jumla ya juu ni 9, na utumbo huhesabiwa kuwa umeandaliwa vya kutosha ikiwa kila sehemu imepata angalau 2. Mtu aliyepata jumla ya 7 kwa mgawanyo wa 3, 3 na 1 hajaandaliwa vya kutosha, hata kama jumla inapendeza. Utumbo usipoandaliwa vya kutosha, ushauri wa kawaida kwa mtu aliyekuja kwa uchunguzi wa saratani ni kurudia kipimo ndani ya mwaka 1, na hapo maandalizi yote huanza upya.

Sasa dawa zenyewe. Ya kwanza ni PEG ya lita 4, ambayo ndiyo mama wa nyingi zilizofuata. Kabla yake watu walikuwa wakishinda siku kadhaa kwa vinywaji vitupu, kisha wakanywa dawa kali za kuharisha na kumalizia kwa enema, yaani maji ya kusafishia yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, utaratibu ambao ulimdhoofisha mtu kabla hata hajafika kwa daktari. Mwaka 1980 Glenn Davis, John Fordtran na wenzao walichapisha utafiti wa myeyuko uliojengwa juu ya polietileni glaikoli, molekuli kubwa ambayo mwili haiifyonzi na ambayo hushikilia maji ndani ya utumbo, pamoja na chumvi zilizopimwa kwa uwiano utakaohakikisha kwamba mwili haupotezi wala hauingizi maji na chumvi kwa kiasi cha kudhuru. Myeyuko huo ndio uliokuja kuuzwa kwa jina la GoLYTELY, ambao pakiti yake ya lita 4 ina gramu 236 za PEG. Uwiano huo ndio fahari yake mpaka leo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo, moyo dhaifu au ini lililoharibika, PEG isiyo na nyongeza bado ndiyo dawa ambayo madaktari huikimbilia kwanza, kwa sababu inapita katika mwili kama mto unaopita bila kuchukua wala kuacha.

Kasoro yake ni wingi na ladha. Lita 4 ni nyingi, hata zikigawanywa mbilimbili. Ladha ya chumvi ya sodiamu sulfeti ina ukakasi unaobaki nyuma ya ulimi, na kwangu mimi ilizidi kuwa nzito kila glasi ilipoongezeka, hata glasi za mwisho zikawa ni za kujikaza. Baadaye zilitoka aina zisizo na sulfeti hiyo, ambazo ladha yake ni nafuu na kazi yake ni ileile, na anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili achukue isiyo na sulfeti. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba lita 4 ndizo zinazosafisha kweli na kwamba chini ya hapo ni kujidanganya. Hilo si sahihi kwa watu wengi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025 unakubali waziwazi dawa za lita 2 kwa watu wasio na vikwazo maalumu, na dawa isiyomalizika, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kulingana na ndogo iliyonywewa hadi tone la mwisho.

PEG ya lita 2 iliyoongezewa vitamini C, ambayo MoviPrep ni mfano wake unaojulikana, ndiyo niliyoiona kuwa na uwiano bora kati ya nguvu na uvumilivu. Vitamini C hapa imewekwa kwa wingi kupita uwezo wa mwili kuifyonza, hivyo inayobaki huvuta maji kuingia utumboni na kuisaidia PEG, na ndiyo sababu ujazo umepungua kwa nusu. Ladha yake ni ya ndimu yenye chumvi, haipendezi, lakini haikatishi tamaa. Anayeitumia asisahau kwamba lita 2 za dawa si hesabu yote, kwa kuwa lazima aongeze takriban lita 1 ya vinywaji vingine angavu, yaani vinavyopitisha mwanga kama maji, na anayeiacha lita hiyo ndiye baadaye hulalamika kwamba ameumwa kichwa na kizunguzungu. Ina vikwazo vyake pia. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD anapaswa kumweleza daktari kabla, kwa sababu vitamini C nyingi inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu, na mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini iliyomo katika aspatami, ajue kwamba baadhi ya dawa hizi zimetiwa utamu wa aspatami. Plenvu, dawa nyingine ya PEG yenye vitamini C, imepunguza ujazo zaidi hadi lita 1 kwa kuongeza kiasi cha vitamini hiyo. Ni chaguo la anayeshindwa kabisa na wingi, ila kila glasi yake ni nzito zaidi kwa ladha, na maji ya ziada ni ya lazima vilevile.

Dawa za sulfeti zinafanya kazi kwa njia nyingine. Katika Suprep, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, sulfeti za sodiamu, potasiamu na magnesiamu huvuta maji kwa nguvu kuelekea utumboni. Chupa moja ndogo huongezwa maji hadi karibu nusu lita, ikanywewa, kisha hufuatwa na karibu lita 1 ya maji ndani ya saa inayofuata, na zoezi hilo hurudiwa na chupa ya pili karibu na kipimo. Inasafisha vizuri sana. Kichefuchefu chake nilikiona ni kikali zaidi katika dakika chache za mwanzo kuliko cha PEG, lakini kilipita upesi kwa sababu dawa yenyewe inakwisha upesi. Wanaochukia ladha kabisa wana vidonge vya sulfeti, Sutab, ambavyo ni 24 kwa jumla, 12 kila awamu. Sikuwahi kuvitumia, kwa hiyo sitavihukumu kwa ulimi wangu, lakini jambo moja liko wazi katika maelekezo yake: maji ya kunywa hayapungui kwa sababu dawa imegeuka kidonge. Anayemeza vidonge 12 bila maji yaliyoagizwa anajitafutia maumivu ya tumbo na figo zilizokaukiwa.

Sodiamu pikosulfeti iliyochanganywa na magnesiamu sitreti, inayouzwa kwa majina kama Picolax na Clenpiq, ndiyo tamu kuliko zote, na kwa mtu ambaye tatizo lake kubwa ni kutapika ina nafasi yake. Pikosulfeti huamshwa na bakteria wa utumbo mpana na kuuchochea usukume, na magnesiamu huvuta maji. Ujazo wa dawa ni mdogo mno, na hapo ndipo penye hatari yake: kazi ya kuosha hufanywa na maji anayoongeza mtu mwenyewe, na akinywa maji matupu kwa wingi bila kitu chenye chumvi, sodiamu ya damu inaweza kushuka. Wazee wanaotumia dawa za kuongeza mkojo wako katika hatari hiyo zaidi, na mwenye ugonjwa mkubwa wa figo hapaswi kupewa magnesiamu hii. Ninaipa heshima yake kwa ladha, lakini simpi mzee wa nyumbani kwangu bila daktari kujua.

Dawa mbili za zamani hazistahili kurudi. Ya kwanza ni sodiamu fosfeti ya kunywa, iliyopendwa kwa udogo wake mpaka ilipobainika kwamba fosfeti inaweza kuganda ndani ya figo na kuziharibu moja kwa moja. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake, na aina ya maji iliyokuwa ikiuzwa bila cheti cha daktari ikaondolewa sokoni. Ya pili ni manitoli, sukari ambayo bakteria wa utumbo huichachusha na kutoa haidrojeni. Mwaka 1979 kulichapishwa taarifa ya mgonjwa aliyefariki baada ya gesi hiyo kulipuka daktari alipokuwa akikata kinyama kwa umeme. Ndiyo maana pia si busara mtu kujitengenezea mchanganyiko wake wa sukari na dawa za kuharisha kwa kufuata maelezo ya kuokota. Enema nayo, ikitumika peke yake, haitoshi, kwa sababu inaosha sehemu ya mwisho tu na kuuacha upande wa kulia kama ulivyokuwa.

Kuhusu chakula, maelekezo yamelegezwa, na hili ni jambo la kufurahia. Kufunga kwa siku mbili au tatu kwa vinywaji vitupu hakuhitajiki kwa mtu asiye na vikwazo. Miongozo ya sasa inaruhusu chakula chenye nyuzinyuzi chache siku moja kabla ya kipimo, asubuhi na mchana, kama wali mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki au kuku bila ngozi, kisha vinywaji angavu peke yake kuanzia jioni. Mtu aliyekula hivyo huwa na nguvu za kuimaliza dawa, na utumbo wake hausafiki vibaya kuliko wa aliyeshinda njaa. Vinavyopaswa kuepukwa ni mbegu, kokwa, nafaka zisizokobolewa, maharage, maganda ya matunda na mboga za majani, kwa kuwa mbegu moja ndogo inaweza kuziba tundu la kunyonyea maji kwenye mrija wa daktari. Baadhi ya vituo huagiza mbegu ziachwe siku kadhaa kabla, na agizo hilo linafaa kutiiwa. Kinywaji angavu ni kile ambacho ukikiweka kwenye glasi unaona upande wa pili: maji, supu iliyochujwa, juisi ya tufaha iliyochujwa, chai au kahawa isiyo na maziwa. Rangi nyekundu na zambarau ziepukwe, maana ndani ya utumbo zinaweza kudhaniwa kuwa damu.

Unywaji wenyewe una ufundi wake, na hapa ndipo dawa ileile inapomshinda mmoja na kumfaa mwingine. Dawa ya PEG ichanganywe mapema na kuwekwa kwenye friji, kwa sababu ikiwa baridi ladha yake hupungua sana. Ile ya lita 4 ikishachanganywa inafaa kutumika ndani ya saa 48. Mrija wa kunywea uliowekwa nyuma ya ulimi huipitisha dawa bila kugusa sehemu kubwa ya ulimi, na kipande cha limau au pipi ngumu isiyo nyekundu kati ya glasi moja na nyingine hufuta ladha. Mwendo wa kawaida ni glasi ya mililita 240 kila baada ya dakika 10 hadi 15, na glasi inywewe kwa mara moja badala ya kuonja onja, kwa sababu kuonja hurefusha mateso na kupunguza nguvu ya maji yanayosukuma. Kichefuchefu kikija, mtu apumzike kwa nusu saa, atembee chumbani, kisha aendelee taratibu. Kutapika mara moja hakumaanishi kwamba maandalizi yameharibika, lakini mwenye kutapika mfululizo, mwenye tumbo lililovimba na kuuma sana bila kupata choo, au mwenye kuzirai aache kunywa na kutafuta msaada wa daktari papo hapo.

Kuharisha huanza kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, ingawa kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi, na anayechelewa asidhani dawa imekufa. Mafuta mazito ya kupaka yapakwe kuzunguka njia ya haja kabla choo cha kwanza hakijatoka, na mtu ajisafishe kwa maji au kwa kitambaa laini chenye unyevu kwa kubonyeza bila kusugua. Ni ushauri mdogo ambao karatasi nyingi za maelekezo huuruka, na ambao ukizingatiwa hupunguza maumivu ya ngozi kwa kiasi kikubwa. Simethikoni, dawa ya kuvunja mapovu, nayo imependekezwa na miongozo yote miwili niliyoitaja, kwa sababu mapovu hufunika ukuta kama kinyesi kinavyofanya. Kama haijatajwa kwenye maelekezo, mgonjwa aulize.

Kizuizi kikubwa cha kugawanya dozi ni kuamka. Mwenye miadi ya saa 3 asubuhi atalazimika kuanza nusu ya pili kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, na hakuna anayelifurahia jambo hilo. Wengine huogopa kwamba haja itawabana wakiwa njiani. Nimeona kwamba tumbo huwa limetulia kwa sehemu kubwa ndani ya muda wa saa mbili baada ya glasi ya mwisho, na mwenye safari ndefu anaweza kuomba miadi ya mchana, ambayo inamwondolea adha yote ya alfajiri na kumpa usafi uleule. Hofu nyingine ni ya dawa ya usingizi inayotolewa wakati wa kipimo, kwamba kulazwa usingizi tumbo likiwa na maji ni hatari. Kwa mtu ambaye tumbo lake linafanya kazi kawaida, muda wa saa 2 unatosha kwa vinywaji angavu kupita, ndiyo maana mpaka umewekwa hapo. Tofauti ni kwa wenye tumbo linalochelewa kutoa chakula, wakiwemo baadhi ya wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa za kisukari na za kupunguza uzito za kundi la semaglutidi. Hao wamweleze daktari mapema ili wapewe mpango wao.

Dawa nyingine anazotumia mtu nazo zina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla, kwa kuwa hufanya kinyesi kiwe cheusi na cha kunata. Insulini na dawa za kisukari hupunguzwa kwa maelekezo, kwa kuwa mtu anakula kidogo. Dawa za kuzuia damu kuganda zisisimamishwe kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, maana uamuzi huo ni wa daktari anayejua kwa nini zilitolewa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kupita bila kufyonzwa wakati wa kuharisha, na kinga nyingine ihitajike kwa muda. Na mwenye choo kigumu cha kudumu, anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, mwenye ugonjwa wa Parkinson, au ambaye maandalizi yake yaliwahi kushindikana, asijipime kwa dawa ya lita 2 ninayoisifu. Huyo ndiye anayehitaji lita 4, dawa za kulainisha choo siku kadhaa kabla, na siku ya ziada ya chakula chepesi, na ni bora aseme hali yake siku anapopangiwa miadi kuliko kuisema akiwa amelala kitandani pa kipimo.

Ishara ya mwisho iko kwenye choo chenyewe. Kinachotoka kinapokuwa maji ya manjano yanayopitisha mwanga, yanayofanana na mkojo, na ukaiona sehemu ya chini ya bakuli la choo bila shida, utumbo uko tayari, hata kama kuna vichembe vichache vinavyoelea. Lakini dawa iendelee hadi mwisho wake hata kama maji yamekuwa safi tangu jioni, kwa sababu ile ya alfajiri inaosha kilichoingia usiku. Kikiwa bado cha kahawia, kizito au chenye vipande baada ya glasi ya mwisho, mgonjwa apige simu kituoni kabla hajatoka nyumbani na kueleza rangi na uzito bila kuona haya. Wauguzi wa kitengo hicho husikia maelezo hayo kila siku, na wakiwa na taarifa mapema wanaweza kumwongezea dawa, kumsogeza hadi mchana wa siku hiyo au kumpangia kesho yake akiwa bado kwenye vinywaji, badala ya kugundua tatizo wakati mrija umeshaingia.